Daftari la Saa Kumi na Moja

Ndani ya lifti ya jengo lile kulikuwa na kibao: MWISHO WATU SITA. Inspekta alikisoma mara mbili. Yeye ndivyo alivyo, husoma kila kilichobandikwa ukutani, hata tangazo la paka aliyepotea. Konstebo wake, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Afande, wewe, mimi na tumbo langu, tumeshakuwa wanne."

Inspekta hakucheka. Alikuwa anaangalia saa. Saa tano na robo asubuhi. Saa kumi alasiri ripoti ilitakiwa kwa wakubwa wa soko la hisa, na jina litakaloandikwa mle ndani, mwenye jina hana tena kazi ya hisa maisha yake yote, halafu anasubiriwa na mahakama. Mpaka asubuhi ile jina lilikuwa moja tu, la karani wa oda, binti wa miaka ishirini na minne.

Kwa aliyechelewa kufika, kesi yenyewe ni hii. Kulikuwa na muuguzi mstaafu, mama wa watu, aliyenunua hisa zake kidogo kidogo kwa miaka thelathini. Zikafika elfu kumi na mbili, tena za kampuni ambayo hisa zake hazionekani sokoni ovyo, wenye nazo wamezikalia. Alhamisi jioni, saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, soko limeshafungwa, mtu akaingiza oda ya kuziuza kwenye kompyuta ya kampuni ya udalali. Oda ikalala, ikingoja asubuhi. Ijumaa soko lilipofunguliwa tu, zikauzwa kwa bei ya kutupa, mwenyewe hana habari. Jumatatu ikatangazwa kwamba kampuni ile inanunuliwa na kampuni kubwa, na bei ikapanda mara tatu. Mama wa watu akavaa gauni zuri, akaenda kwa madalali wake kupongezwa. Akakuta hana kitu.

Oda iliingizwa kwa neno la siri la yule karani. Fundi wa kompyuta wa polisi alithibitisha jambo moja: haikutoka kwenye simu wala nyumbani kwa mtu, ilitoka pale pale, mezani kwa binti.

Na mnunuzi? Bibi wa miaka themanini na moja, akaunti yake ina mwezi mmoja. Inspekta alimtembelea jana yake. Alipomuuliza kuhusu hisa, bibi alisema, "Hisa? Ile ya kupaka mgongo? Imeniishia, umeniletea?" Sebuleni kwake hakukuwa na la maana ila picha ya harusi ya binti yake, ya zamani, bwana harusi anacheka pengo lote nje. Inspekta aliitazama ile picha mpaka chai ikapoa.

Lifti ikafunguka ghorofa ya sita.

Kitu cha kwanza kukuona wewe, kabla hujakiona, ni maandishi ukutani, herufi kubwa kama za benki: HAPA SISI NI FAMILIA. Chini yake kengele ya shaba. Ukiuza sana, unaruhusiwa kuipiga, watu wanapiga makofi. Hiyo ndiyo bonasi. Sitanii, hiyo ndiyo bonasi yenyewe, kengele.

"Karibuni, wanangu!" Mkurugenzi alitoka ofisini kwake mikono wazi, suti ya kijivu, manukato yanatangulia. "Hapa kila mtu ananiita Baba. Na nyinyi msione haya."

"Baba yangu yupo, mzima," alisema Inspekta. "Tukae wapi?"

Baba alicheka, kisha haraka akaziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayeficha kitu kwenye meno ya mbele. Inspekta aliona. Konstebo naye aliona, akafungua mdomo aseme, Inspekta akamkanyaga kiatu.

Mle ndani kila mtu alikuwa na ukoo wake. Mkuu wa wafanyakazi aliitwa Shangazi. Kijana wa meza ya wateja aliitwa Binamu. Na yule karani aliyesimamishwa kazi, kwa kuwa ndiye aliyeajiriwa mwisho, aliitwa Kitinda, kitindamimba wa nyumba. Ishirini na watatu kwa jumla, bila kumhesabu Baba.

"Inaniuma, Inspekta," Baba alisema. "Mtoto nimemlea mwenyewe. Nimemfundisha kazi. Leo ananiibia mteja."

"Unatoka saa ngapi kazini, mzee?"

"Mimi?" Akajaa kwenye kiti. "Wa kwanza kuingia, wa mwisho kutoka. Baba wa nyumba ndiye anayefunga mlango. Funguo ninazo mimi tu, muulize yeyote."

"Hata Alhamisi ile?"

"Kila siku, Mungu akinipa uzima."

"Andika hivyo," Inspekta alimwambia Konstebo, sauti kama mtu anayeagiza maji.

Shangazi alikuja na mafaili kifuani. Mwanamke mwembamba, miwani ya kamba, na shingoni, pamoja na miwani, kalamu ya kijani inaning'inia. Alikuwa na kila kitu tayari, hata ambacho hakuulizwa.

"Huyu binti ana kinyongo, afande. Soma mwenyewe." Akasukuma karatasi. Barua ya Kitinda ya kuomba mkopo wa mshahara, imekataliwa kwa wino wa kijani. "Na alisema mbele ya watu: ipo siku watanilipa tu. Hayo maneno ya mtu mwema?"

"Ni maneno ya mtu asiyelipwa," alisema Konstebo.

"Tunalipa! Tena kwa wakati." Akatoa slipu ya mshahara ya mwezi ule. Inspekta akaisoma taratibu. Juu kulikuwa na mshahara, namba ya kawaida, haina kiburi. Chini yake kulikuwa na makato, nayo yalikuwa na safari ndefu. Mchango wa familia. Keki ya siku ya kuzaliwa ya Baba. Kuchelewa dakika nne. Kuchelewa dakika mbili. Kosa la oda, sehemu yake kati ya ishirini na tatu.

"Hili la mwisho ni nini?"

"Mmoja akikosea hesabu ya mteja, hasara tunagawana wote. Familia haitupani."

"Na faida?"

Shangazi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mstari wa chini kabisa wa makato uliandikwa: *Kikombe kimoja.*

"Alivunja kikombe?"

"Na nina fomu yake. Mimi sikati mtu bila fomu. Kila kosa lina tarehe na dakika yake, mhusika anasaini, na mimi nasaini." Hapo Shangazi alinyooka kidogo, uso ukang'aa. Ni mtu anayependa kazi yake, huwezi kumnyima hilo.

"Nitaihitaji. Pamoja na daftari la mahudhurio."

Daftari lilikuja, jalada gumu, kubwa kama la hoteli. Inspekta alifungua Alhamisi. Ishirini na watatu, kuanzia Shangazi mwenyewe mstari wa kwanza mpaka Kitinda mstari wa mwisho. Kuingia: saa mbili kasoro kumi, saa mbili kasoro tano, saa mbili na dakika nne, kila mtu na muda wake, wino mweusi, wino wa bluu. Kutoka: saa kumi na moja kamili. Saa kumi na moja kamili. Saa kumi na moja kamili. Mpaka chini. Wote kwa wino wa kijani.

Akageuza Jumatano. Kijani. Akarudi mwezi mmoja nyuma, mwaka mmoja, miaka minne. Kijani, kijani, kijani, kamili, kamili, kamili. Hakuna aliyewahi kutoka na dakika moja juu.

"Konstebo," alisema, "lifti inabeba wangapi?"

"Sita, afande. Watano nikiwemo mimi."

"Na kalamu ni moja."

Konstebo akaanza kuhesabu kwa vidole. Inspekta akainuka akasema ana kiu.

* * *

Jikoni kulinuka. Sinki lilikuwa limejaa vikombe vichafu mpaka kwenye bomba, vyeupe, kila kimoja kimeandikwa FAMILIA kwa dhahabu iliyobanduka, na ndani mmeota ukungu wa siku nne. Binamu alikuwa amesimama anakunywa maji kwenye glasi ya karatasi. Kijana mrefu, tai imekazwa kama anajiadhibu.

"Hivi hamuoshi?" Inspekta aliuliza, anatafuta kikombe kisafi asikione.

"Kitinda ndiye anaosha, afande. Ni utaratibu, wa mwisho kuajiriwa ndiye wa vikombe. Mimi nilikuwa kitinda miaka miwili, ndoa yangu ilikuwa na sabuni." Akacheka. "Tangu asimamishwe, ndiyo hivi. Kila mtu anangoja mwenzake."

"Anaosha asubuhi?"

"Asubuhi wapi, nani ana muda? Jioni, baada ya ile chai ya saa kumi na mbili..."

Glasi ya karatasi ikaminyika mkononi, maji yakamwagikia kiatu.

"Chai ya saa kumi na mbili," alisema Inspekta, pole pole, kama anayeonja. "Na saa kumi na moja mmeshasaini mmetoka."

"Nimekosea. Nilitaka kusema saa nne. Saa nne asubuhi."

"Binamu."

"Afande, nina watoto wawili." Alisema kwa sauti ya chini sana, macho yako mlangoni. "Usiniulize. Nakuomba tu. Ukiniuliza nitasema sikuwepo, na nitaapa."

Akatoka, kiatu kinalia maji. Hapo Konstebo, aliyefuata nyuma akasikia yote, alishamshuku huyu, alisema wazi kwenye kona ya ngazi: amejichanganya, anatetemeka, anajua jambo. "Tumkamate, afande, tule mapema."

"Huyo haogopi sisi," alisema Inspekta. "Anaogopa kalamu ya kijani. Twende chini."

* * *

Kitinda hakuruhusiwa kupanda juu. Alikuwa amekaa kwenye benchi getini, karibu na kibanda cha mlinzi, mkoba mapajani, amevaa nguo za kazini kana kwamba ataitwa muda wowote. Alipomuona Inspekta akasimama.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili jioni, ulikuwa wapi?"

"Nilisaini kutoka saa kumi na moja."

"Sijauliza ulisaini saa ngapi. Nimeuliza ulikuwa wapi."

Binti akaangalia viatu vyake.

"Afande, nijibu vipi?" alisema mwisho. "Nikisema sikuwepo, mnasema nilirudi kisirisiri. Nikisema nilikuwepo, basi nilidanganya kwenye daftari, hiyo ni kesi nyingine, na wenzangu ishirini na wawili nimewachoma, maana wote walikuwepo. Kila siku tupo. Ikifika saa kumi na moja Shangazi anapita na daftari meza kwa meza, unasaini na kalamu yake, unarudi kwenye kompyuta. Mpaka saa mbili usiku, siku nyingine saa tatu. Sheria inasema kuanzia saa kumi na moja ni ovataimu. Lakini anayelipwa ovataimu ni aliyekuwepo. Sisi hatupo."

"Na neno lako la siri?"

"Siku ya kwanza kazini unaliandika kwenye karatasi, linawekwa kwenye droo ya Baba. Familia haifichani."

"Alhamisi ulivunja kikombe."

Binti alishtuka, akacheka bila furaha. "Mpaka hilo mmeambiwa? Kiliteleza. Sabuni. Shangazi alikuja mbio kama kuna moto, akanisimamisha hapo hapo, nimelowa mpaka viwiko, akaniandikia fomu. Kikombe chenyewe hakina hata mkono. Mkono ulivunjika zamani, alikatwa hela mwingine." Akajifuta pua kwa kiganja. "Afande, baba yangu, yule wa kweli, alikitia cheti changu cha udalali kwenye fremu kabla sijapata hata mshahara wa kwanza. Kiko sebuleni. Mgeni akija anaonyeshwa cheti kabla ya kupewa kiti. Leo saa kumi jina langu likienda kule, mimi nitamwambia akitoe vipi?"

Inspekta aligeukia kibandani.

Mlinzi wa geti alikuwa mtu wa makamo, amevaa koti kubwa kuliko yeye, na mbele yake daftari lake mwenyewe, la gari na watu. Alhamisi jioni, mstari mmoja tu baada ya saa kumi na moja: gari ya mkurugenzi, kutoka saa mbili na robo usiku.

"Na wafanyakazi wa ghorofa ya sita?"

"Wale?" Mlinzi akakuna kidevu. "Afande, ukweli mimi nawaona wanaingia asubuhi. Kutoka sijawahi kuwaona, mwaka wa tatu huu. Nikajisemea labda wanalala humo humo."

"Tunatokea nyuma," Kitinda alisema kutoka kwenye benchi. "Mlango wa majalala. Ni amri ya Baba, ili tusiandikwe getini."

Inspekta alisimama pale, jua la mchana usoni. Halafu akafanya kitu ambacho Konstebo alihadithia kituoni wiki nzima: alitabasamu.

"Afande, vipi?"

"Nitafutie karatasi safi," alisema. "Na kalamu. Isiwe ya kijani."

* * *

Saa tisa kasorobo walikuwa ofisini kwa Baba. Mlango Inspekta aliuacha wazi, akidai joto. Nje, meza zote ishirini na kitu zilikuwa zimeinama kwenye kompyuta, lakini hakuna kibodi iliyolia. Shangazi alisimama ukutani na faili zake. Kitinda aliletwa, akasimama karibu na mlango, mkoba kifuani.

"Mzee, nina tatizo dogo," alianza Inspekta. "Huyu binti amesaini kutoka saa kumi na moja. Oda imeingia saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili, kwenye meza yake. Kwa hiyo ama alikuwepo na daftari ni la uongo..."

"Ni la uongo kwake! Alibaki nyuma, alijificha!"

"Kwake peke yake siwezi. Wino mmoja, dakika moja, kalamu moja. Mstari wake ukiwa uongo, sina budi kulibeba daftari zima mpaka ofisi ya kazi. Nao hawana haraka kama mimi. Watahesabu watu ishirini na watatu, masaa matatu au manne kila jioni, miaka minne."

Mkono wa Baba ulienda wenyewe kwenye kikokotoo cha mezani. Kwa kweli alikibonyeza! Mbele ya polisi, vidole vikacheza, akaangalia namba iliyotokea, akaifuta haraka kama mtu aliyeona nyoka.

"Au?" aliuliza.

"Au daftari ni la kweli. Saa kumi na moja wote walitoka, huyu naye alitoka, hahusiki. Jina lake naliondoa kwenye ripoti."

"Halafu aliyeingiza oda atakuwa nani?"

"Hilo ndilo tatizo langu dogo."

Baba akaegemea kiti. Akatazama dari. Kwa dakika nzima mtu angeweza kuona hesabu zinapita usoni kwake, moja baada ya nyingine, kama bei kwenye ubao wa soko.

"Basi itakuwa kesi isiyo na mtu," alisema mwisho, akanyoosha mikono kama anayegawa baraka. "Muuguzi atalipwa na bima. Mtoto aende zake, nimemsamehe. Mimi ni baba."

Kitinda alifumba macho.

"Niandikie hivyo," alisema Inspekta, akamsogezea karatasi. Akamsomea imla, neno kwa neno: kwamba mimi mkurugenzi nathibitisha wafanyakazi wote ishirini na watatu walitoka ofisini Alhamisi saa kumi na moja kamili jioni, kama daftari linavyoonyesha, na baada ya hapo hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekuwemo. Baba akaandika haraka, akasaini kwa mkogo, mkia wa sahihi ukavuka ukingo wa karatasi.

Inspekta alipuliza wino ukauka. Akaikunja. Akaiweka mfukoni, akafunga kifungo.

"Konstebo, tusomee alichosema mzee asubuhi."

Konstebo akalamba kidole, akageuza ukurasa. "Wa kwanza kuingia, wa mwisho kutoka. Baba wa nyumba ndiye anayefunga mlango. Funguo ninazo mimi tu. Kila siku, Mungu akinipa uzima."

"Na daftari la geti linasema gari yako ilitoka saa mbili na robo," alisema Inspekta. "Maneno ya siri ya watu wote yako kwenye droo yako, hiyo ya kushoto, usiiguse tafadhali. Aliyenunua hisa ni mama mkwe wako. Anakusalimu. Picha ya harusi yenu bado ameitundika, ulikuwa unacheka vizuri sana siku zile. Na mkataba wa ile kampuni kununuliwa uliandaliwa na ofisi hii hii, kwa hiyo ulijua bei itapanda. Kilichobaki nilikuwa natafuta nani alikuwemo humu saa kumi na mbili na dakika arobaini na mbili. Umeniandikia mwenyewe. Hakuna mwingine."

Uso wa Baba ulibadilika rangi, ukarudi, ukabadilika tena.

"Huo ni ujinga. Walikuwepo!"

"Nani?"

"Wote!" Alisimama, kiti kikaanguka. "Wote walikuwepo, kila siku wapo! Waulize!" Akatoka mlangoni, akasimama mbele ya zile meza. "Semeni! Alhamisi si mlikuwepo? Si mlikuwa hapa, wote, mpaka saa mbili?"

Hakuna aliyeinua kichwa. Watu ishirini na kitu, na kimya kama cha chumba cha mtihani. Binamu alikuwa anasoma kidole gumba chake.

"Mlikuwepo! Wewe ulikuwa pale, wewe pale! Huyu Shangazi alikuwa jikoni, namuona kwa macho yangu, anamwandikia yule mtoto fomu ya kikombe, nimepita mlangoni hapo meza yake ikiwa tupu..."

Akaisikia sentensi yake mwenyewe. Alikuwa ameshachelewa, ilikuwa imeshatoka, imesimama katikati ya ofisi na kila mtu anaiona.

"Fomu hiyo ninayo," alisema Inspekta, akaiinua. "Alhamisi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Jikoni. Sahihi mbili, moja ya kijani. Sikuwa na uhakika kama ataamini mtu karatasi ya kikombe. Lakini sasa na wewe umeshuhudia. Konstebo, umeandika?"

"Mpaka koma, afande."

"Tena mbele ya watu ishirini na watatu ambao umesema walikuwepo kila siku. Hiyo itakwenda ofisi ya kazi, kivyake."

Baba aligeuka akawatazama, mmoja mmoja. "Nimewalisha," alisema. "Mimi ndiye ninayewalisha."

Polisi walimpitisha chini ya kengele, na Konstebo, ambaye hana adabu, aliigonga kwa kucha. Ililia kidogo tu. Mtu mmoja karibu na dirisha alianza kupiga makofi kwa mazoea, akajikamata.

* * *

Saa kumi kasoro dakika tano ripoti ilifika kwa wakubwa wa soko, na jina la Kitinda halikuwemo. Inspekta mwenyewe ndiye aliyeisaini. Alirudi ghorofa ya sita kuziba droo kwa lakiri, akamkuta binti mezani kwake anakusanya vitu: kikokotoo, sweta, picha ndogo ya cheti.

"Hakuna aliyesema," Kitinda alisema bila kugeuka. "Hata mmoja. Miezi kumi na nne nawaoshea vikombe. Wanajua nilikuwa jikoni, walisikia kikombe kinavunjika, Binamu alicheka. Angesema mmoja tu."

Inspekta alibandika lakiri, akabonyeza kwa kidole gumba.

Ikafika saa kumi na moja.

Shangazi akainuka. Baba alikuwa mahabusu, droo zimezibwa, na bado alilichukua lile daftari, akavua kalamu ya kijani shingoni, akaanza kupita meza kwa meza. Na walisaini! Mmoja baada ya mwingine, kamili, kamili, kamili, halafu wakarudi kwenye kompyuta zao. Hakuna aliyewalazimisha. Jikoni mtu alikuwa ameshaweka birika.

Alipofika kwa Kitinda, Shangazi alisita. Binti akaichukua kalamu, akasaini mstari wa mwisho, akamrudishia.

"Kikombe changu mtanirudishia hela?"

"Fomu imeshaingia kwenye mfumo," alisema Shangazi. Kisha, taratibu, "Ungekuwepo mwezi ujao, ningeweza."

Kitinda akavaa mkoba. Hakwenda upande wa majalala. Aliita lifti, akaingia peke yake na Inspekta, watu wawili kati ya sita. Nyuma yao, kabla mlango haujafungika, walisikia sauti ya mtu inauliza, "Sasa kitinda ni nani?" na nyingine ikijibu kwa uchovu, "Binamu, nenda. Ni wewe tena." Maji yakafunguliwa.

Getini mlinzi alimuona akaduwaa, akasimama na koti lake lote.

"Wewe ni wa ghorofa ya sita! Kumbe huwa mnatoka?"

"Niandike," alisema Kitinda.

Mlinzi akafungua daftari, akatafuta kalamu mfukoni, akaipata sikioni. "Jina?"

Akamtajia, yote matatu, herufi kwa herufi, mpaka la babu. Binti alingoja amalize. Akainama akahakikisha.

"Saa?"

"Saa kumi na moja na dakika sita."

Mlinzi akaandika sita. Inspekta, aliyekuwa nyuma ya binti, alitazama mlango wa jengo. Walisubiri kidogo, wote watatu, kama kuna mwingine anakuja. Mlango wa kioo ulisimama vile vile. Mlinzi akafunga daftari.

"Basi ni wewe peke yako," alisema.